Wafuasi Kibao, Anwani Hakuna: Jinsi Mitandao ya Kijamii Inavyojenga Orodha ya Barua Pepe ya Biashara

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takribani saa sita. Chanzo kilikuwa kosa lililofanyika ndani ya kampuni yenyewe wakati wa kurekebisha mitambo inayounganisha vituo vyake vya data. Kwa anayeingia kuangalia picha za harusi, ilikuwa kero ya usiku mmoja. Kwa mwenye biashara ambaye oda, bei na mazungumzo yake yote yako humo, hapakuwa na njia ya kumfikia hata mteja mmoja. Waganda walikuwa wameshaonja hali hiyo Januari ya mwaka huohuo, Facebook ilipofungwa siku chache kabla ya uchaguzi. Tanzania nayo iliufunga mtandao wa X mwezi Mei 2025.

Kila likitokea jambo la namna hii, ushauri uleule huzagaa: jenga orodha ya barua pepe. Wengi huuitikia, kisha kila mmoja anaufanya kwa namna yake. Mmoja anahesabu wafuasi wake na kuamini hiyo ndiyo orodha. Mwingine analipia faili la "anwani 50,000 za Watanzania" kutoka kwa mtu wa Telegram. Wa tatu anaokota anwani kwenye komenti za washindani wake. Wa nne anasema barua pepe ni mambo ya ofisini, Waswahili hawasomi. Wote wanne wamekosea, ingawa huyo wa mwisho ana nusu ya hoja, na tutamrudia.

Tuanze na maneno

Orodha ya barua pepe ni jedwali. Kila mstari una anwani ya mtu mmoja, jina lake ikiwa alilitoa, tarehe aliyojisajili, mahali alikotokea, na kumbukumbu kwamba alikubali mwenyewe kuandikiwa. Hilo la mwisho ndilo uti wa mgongo. Jedwali lisilo na ridhaa ni rundo tu la anwani za watu wasiokujua.

Mfuasi ni mtu aliyebonyeza kitufe ndani ya mtandao wa mtu mwingine. Hujui anwani yake, na ukiposti leo si wewe unayeamua kama ataona. Algoriti ya mtandao ndiyo inayopanga nani aone nini na saa ngapi. Ukienda kwenye mipangilio ya Instagram na kupakua data zako, utapata majina ya akaunti zinazokufuata. Anwani za barua pepe hazimo.

Huduma ya kutuma ni programu inayotunza orodha, inayotengeneza fomu na kupeleka barua kwa wote kwa mpigo, kila mtu akipata yake peke yake. Mailchimp, Brevo na MailerLite ndizo zinazosikika zaidi huku kwetu. Zote zina kifurushi cha bure chenye kikomo, na vikomo hivyo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma ukurasa wa bei wa siku unayojiunga badala ya kuamini video ya miaka mitatu iliyopita.

Kujitoa ni haki ya aliyejisajili kuondoka kwa kubonyeza mara moja, bila kukupigia simu wala kueleza sababu.

Uhusiano wa vitu hivi unaonekana vizuri stendi ya mabasi. Mpiga debe anaita hadi sauti inakauka, na bila yeye basi linaondoka na viti vitupu. Lakini hajui abiria anaitwa nani wala anashuka wapi. Anayejua ni wakala wa dirishani, aliyeandika jina na namba ya simu kwenye tiketi. Mitandao ya kijamii hupiga debe, orodha ni kitabu cha tiketi. Biashara nyingi za mtandaoni zina wapiga debe watano na hazina dirisha.

Si kila biashara inaihitaji

Hapa ndipo anayesema Waswahili hawasomi barua pepe ana nusu ya hoja. Karibu kila mwenye simu ya Android ana anwani ya Gmail, kwa kuwa duka la programu la Google halifunguki bila akaunti. Ila wengi akaunti hiyo walifunguliwa na muuza simu dukani, nywila hawaijui, na wakibadilisha simu wanafunguliwa nyingine. Anwani ipo, msomaji hayupo. Kama unauza chipsi, unasuka nywele au unatembeza mitumba, mteja wako anaamua kwa dakika tano na yuko WhatsApp. Baki huko.

Barua pepe inashinda mahali ambapo mteja anafikiri kwa muda mrefu, pesa ni nyingi, yuko mbali, au anahitaji karatasi ya kumwonyesha bosi au mwenza wake. Washauri wa kodi, wauzaji wa mashine za kilimo, shule, wasafirishaji wa kahawa, wauzaji wa viwanja kwa walioko ughaibuni, na kampuni za utalii wako kundi hili. Tutumie hizo za utalii kama mfano, maana ndizo zinazolala usingizi zaidi katika jambo hili: chukulia kampuni ndogo ya Moshi inayopandisha watu Kilimanjaro, ina Instagram iliyojaa picha za mawingu na kilele cha mita 5,895, na wafuasi wake wengi wako Ulaya na Marekani.

Mtu wa Ujerumani anayewaza kupanda mlima haamui leo. Anawaza miezi, analinganisha kampuni, anaomba likizo, anaanza mazoezi. Picha yako aliyoipenda mwezi Januari ameshaisahau Machi. Lakini kama Januari alikuachia anwani, Machi utamwandikia kuhusu vifaa vya kubeba, Mei utamweleza kwamba masika yanaisha na msimu wa kiangazi unakuja, na anapofika kuamua, jina lako liko mbele yake.

Mpe kitu cha kumfanya ataje anwani

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Hakuna anayetoa anwani yake kwa sababu umeandika "Jiunge na jarida letu upate habari mpya". Habari zako mpya hana haja nazo. Anatoa anwani akibadilishana na kitu kinachomaliza shida aliyonayo siku hiyo.

Kitu hicho kiwe kidogo, mahususi, na kiwe na harufu ya unachouza. Kampuni yetu ya Moshi inaweza kutengeneza PDF ya kurasa tatu inayojibu swali ambalo kila mteja huuliza: nipande njia ipi, kwa siku ngapi? Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala, na watu hupenda kuipanda kwa siku tano au sita. Machame na Lemosho unalala kwenye hema. Lemosho kwa siku nane ni ghali kuliko Marangu ya siku tano, lakini mwili unapata muda mrefu zaidi wa kuzoea hewa nyembamba, na uwezekano wa kufika kilele cha Uhuru unaongezeka. Mweleze hivyohivyo, hata kama unatamani achague ile yenye faida kwako. Ongeza ukurasa wa vifaa, na humo mkumbushe kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, asije akapanga mizigo yake kwenye mifuko hiyo. Andika kwa lugha ya mteja; kama ni Kijerumani, mtafute mtu wa Kijerumani.

Ona tofauti ya hiyo PDF na shindano la "jisajili ushinde iPhone". Shindano litakuletea anwani nyingi kwa siku tatu, nyingi zikiwa za watu wanaotaka iPhone, na wengine wao wana anwani maalumu za mashindano. Hawana mpango na mlima. Ukiwaandikia kuhusu Lemosho watabonyeza kitufe cha barua taka (spam), na adhabu ya kubonyezwa huko utaiona mbele. Kama lazima ushindanishe, zawadi iwe kitu ambacho mteja wako tu angekitaka: punguzo la kukodi mfuko wa kulalia na nguzo za kutembelea, kwa mfano.

Vitu vingine vinavyofanya kazi kwa biashara tofauti: jedwali la kukokotoa gharama, mfano wa mkataba wa upangaji, kalenda ya kupanda mahindi kwa kanda, orodha ya bei ya jumla inayotumwa kila Jumatatu. Hiyo ya mwisho ni rahisi kuliko zote na haihitaji usanifu wowote.

Safari ya anwani moja

Sasa tuiangalie njia yenyewe. Mtu anaona posti, anagusa wasifu wako, anabonyeza linki, anafika kwenye ukurasa wa kujisajili, anajaza fomu, anapokea barua ya kuthibitisha, anabonyeza ndani yake, anapata alichoahidiwa. Ni hatua nane, na kila hatua ina wanaodondoka. Tuseme, kama hesabu ya mfano tu, posti imeonwa na watu 2,000. Waliogusa wasifu ni 100, waliobonyeza linki 30, waliojaza fomu 12, waliothibitisha 9.

Namba hizo zikikaa mbele yako zinakuambia pa kurekebisha. Wakiona 2,000 na kubonyeza watatu, ahadi yako haijaeleweka au haina mvuto, wala usiguse fomu. Wakibonyeza 30 na kujaza wawili, ukurasa ndio unaowafukuza. Wakijaza 12 na kuthibitisha wanne, barua ya kuthibitisha huenda inatua kwenye folda ya barua taka. Wanaolalamika kwamba "Instagram haileti wateja" mara nyingi hawajawahi kutazama ni hatua ipi inayovuja.

Ukurasa wa kujisajili usiwe ukurasa wa mwanzo wa tovuti yako. Uwe na kichwa kinachorudia ahadi ileile ya kwenye posti, picha moja, mistari mitatu ya kueleza atakachopata na utamwandikia mara ngapi, kisha fomu. Usiweke menyu wala ramani ya ofisi. Kama huna tovuti, huduma zote tatu nilizotaja zinakutengenezea ukurasa wa namna hii.

Fomu iwe na kisanduku kimoja cha anwani, au viwili ukiongeza jina la kwanza. Kila kisanduku cha ziada kinapunguza wanaomaliza. Kuna sababu ya kiufundi pia: linki ikibonyezwa ndani ya Instagram au TikTok, hufunguka kwenye kivinjari cha ndani cha programu hiyo, na pale ujazaji wa moja kwa moja uliozoeleka kwenye Chrome mara nyingi haupo. Mtu anachapa herufi moja moja kwa kidole gumba, pengine yuko kwenye daladala. Humo ndimo zinamozaliwa anwani za "gmail.con" na "gmial.com".

Dawa ya makosa hayo ni kuthibitisha mara mbili. Akishajaza fomu, mfumo unamtumia barua yenye kitufe, na haingii kwenye orodha mpaka akibonyeze. Wapo wanaoikwepa hatua hii kwa sababu inapunguza idadi. Inapunguza kweli, ila inaowaondoa ni anwani mbovu, roboti, na mtu aliyeandikishwa na rafiki yake kwa utani. Pia inakuachia ushahidi wa ridhaa wenye tarehe na saa. Kwenye ukurasa unaotokea baada ya kujaza, andika wazi: "Fungua barua yako sasa, kama huioni, angalia folda ya barua taka." Sentensi hiyo moja huokoa wengi.

Linki inakaa wapi

Kwenye Instagram, linki uliyoiandika chini ya picha haibonyezeki. Watu bado wanaiandika kila siku. Inabonyezeka kwenye bio, ambako tangu Aprili 2023 unaweza kuweka hadi tano, na kwenye stori kwa stika ya linki, ambayo tangu Oktoba 2021 iko wazi kwa akaunti zote. Kabla ya hapo linki za stori zilikuwa za wenye wafuasi 10,000 au walioidhinishwa. Stori huisha baada ya saa 24, kwa hiyo iliyo na stika ihifadhi kwenye vivutio (highlights) vya wasifu wako na uvipe jina la kitu ulichoahidi kutoa. Na japo nafasi ni tano, weka linki moja ya kujisajili juu kabisa. Mtu akiona tano anachagua ya WhatsApp.

Ipo njia ya komenti: unaandika "andika NJIA kwenye komenti nikutumie", na programu inamjibu mtu kwa DM, yaani ujumbe wa faragha, yenye linki. Inafanya kazi vizuri, kwa kuwa komenti nazo zinaisukuma posti ionekane zaidi. Ila Meta, kampuni inayomiliki Instagram, kwa kawaida inairuhusu biashara kumtumia mtu ujumbe kupitia programu kama hizo ndani ya saa 24 tangu alipokuandikia mara ya mwisho. Zikipita, mlango unafungwa mpaka akuandikie tena. Kwa hiyo DM iwe njia ya kumfikisha kwenye fomu mapema, usiifanye makazi.

Facebook ina matangazo ya kulipia yenye fomu ndani yake. Mtu anabonyeza, Facebook inajaza anwani yenyewe, anatuma bila kutoka. Ni rahisi mno, na huo urahisi ndio kasoro yake: anwani inayojazwa ni ile aliyofungulia akaunti, labda Yahoo ya mwaka 2012 asiyoifungua tena, na wengine wanabonyeza bila kusoma wanachokubali. Ongeza swali moja la kujibu kwa mkono, kama "unapanga kusafiri mwezi gani?", litachuja. Kumbuka pia kwamba majibu ya fomu hizo hupatikana kupakuliwa kwa siku 90 tu. Iunganishe fomu na huduma yako ya kutuma siku unayoanza tangazo.

TikTok kwa kawaida inataka akaunti binafsi ifikishe wafuasi 1,000 kabla ya kuruhusu linki kwenye bio. Kama hujafika, taja kwa mdomo anwani fupi ya ukurasa wako na uiandike kwenye video yenyewe.

WhatsApp ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu inafanana na orodha. Lakini orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kundi linafika watu 1,024, na kila mmoja anaona namba za wenzake, jambo ambalo mteja wa maana halipendi. Chaneli inabeba wengi, ila mwenye chaneli haoni namba za wanaomfuata. Zote ni njia nzuri za kutangaza ukurasa wako wa kujisajili. Weka linki kwenye salamu ya moja kwa moja ya WhatsApp Business na kwenye wasifu.

Kwa kila mtandao tengeneza fomu yake, au ongeza alama yake mwishoni mwa linki, ili anwani iingie ikiwa imebeba asili yake. Bila hivyo utaendelea kukesha ukihariri video za TikTok wakati wateja wanaolipa wanatoka Facebook.

Kwa nini barua hazifiki

Tuseme orodha ina watu 300. Kosa la kwanza la wengi ni kufungua Gmail yao, kubandika anwani zote kwenye kisanduku cha nakala fiche (Bcc), na kutuma. Akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha watu 500 kwa siku, haina kitufe cha kujitoa, na ikionekana inamwaga barua inaweza kufungiwa kutuma. Mbaya zaidi ni anayebandika anwani kwenye nakala ya wazi (Cc). Wateja wote wanaonana, na mmoja akijibu kwa wote, balaa.

Kosa la pili ni kutumia huduma ya kutuma lakini ukaweka anwani ya mtumaji inayoishia na gmail.com. Google na Yahoo huwaona wanaotuma kwa majina yao kutoka kwenye mitambo mingine kama waigaji, na barua hutupwa kwenye barua taka au kukataliwa. Unahitaji kikoa (domain) chako, yaani jina la mtandaoni la biashara yako linaloishia na .co.tz, .co.ke au .com, unalolilipia kila mwaka.

Ukishakuwa na kikoa, kuna vitu vitatu vya kukiwekea, na majina yake yanatisha kuliko kazi yake. SPF ni tangazo la wazi linalosema mitambo ipi imeruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayoambatana na kila barua, kuonyesha kwamba haijachezewa njiani. DMARC ni agizo kwa anayepokea: barua ikishindwa vipimo hivyo viwili, uiache, uiweke pembeni au uikatae. Huduma yako ya kutuma inakupa mistari tayari. Unaibandika kwenye mipangilio ya DNS, yaani kumbukumbu za kikoa, pale ulipolipia kikoa, au unamwomba aliyekuuzia akubandikie. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi siku mbili kuenea, kwa hiyo usiyafanye asubuhi ya kutuma ofa.

Tangu Februari 2024, Google inadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe na vyote vitatu pamoja na kitufe cha kujitoa kwa mguso mmoja. Malalamiko ya barua taka yanatakiwa yabaki chini ya asilimia 0.3. Piga hesabu: kwenye orodha ya watu 500, watu wawili tu wakibonyeza "barua taka" umeshafika asilimia 0.4. Hapo ndipo lile faili la anwani 50,000 linapoumiza. Ndani yake kuna anwani zilizokufa, watu wasiokujua watakaolalamika, na anwani za mtego zilizowekwa makusudi kuwanasa watumaji wa namna hiyo. Unatuma mara moja, kikoa chako kinachafuka, na kuanzia hapo hata barua ya ankara kwa mteja wako wa miaka mitano inaishia kwenye barua taka. Huduma za kutuma nazo zinakataza orodha za kununua, na hufunga akaunti.

Kosa jingine nimeliona kwenye barua nyingi za biashara za hapa Afrika Mashariki: lile bango la Instagram, na maandishi yake yote yamo ndani ya picha, linabandikwa kama barua nzima. Mpokeaji aliyezima picha anaona mraba mtupu, mwenye bando dogo anasubiri, na vichujio vya barua taka havina maandishi ya kusoma. Andika maneno kama maneno. Picha moja nyepesi inatosha.

Sheria nayo ipo

Anwani ya barua pepe ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwake. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data haitanii: Septemba 2023 ilitangaza faini kwa taasisi kadhaa, mojawapo ikiwa sehemu ya starehe jijini Nairobi iliyotozwa Sh1.85 milioni za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa. Na kampuni ya Moshi inayowalenga Wajerumani inaguswa na kanuni za Umoja wa Ulaya za tangu Mei 2018, hata kama haina ofisi huko.

Kwa vitendo haya si mazito. Kisanduku cha kukubali kisije kimeshawekewa tiki. Aliyekupa anwani ili atumiwe risiti hajakubali matangazo, muulize. Aliyeacha anwani kwenye komenti au kwenye kadi ya biashara, mtumie linki ajisajili mwenyewe. Huduma nyingi hulazimisha anwani ya makazi ya biashara chini ya kila barua, na watu hujaza nyumbani kwao bila kufikiri. Weka S.L.P.

Baada ya kujisajili

Barua ya kwanza itoke ndani ya dakika chache, ikiwa na PDF aliyoahidiwa, jina lako, na swali moja jepesi: "Unafikiria kupanda mwezi gani?" Akijibu, umepata mazungumzo, na mfumo wa barua pepe wa upande wake unajua kwamba wewe si mgeni. Siku tatu nne baadaye tuma ya pili yenye msaada mwingine. Kisha mara mbili kwa mwezi inatosha kabisa kwa biashara ya aina hii. Kinachoua orodha ni ukimya wa miezi minne unaofuatwa na "OFA OFA OFA". Watu wamesahau walikujua wapi, na kidole kinakwenda kwenye barua taka.

Usiiamini sana asilimia ya waliofungua. Tangu Septemba 2021 simu za Apple zenye ulinzi wa faragha ya barua hupakia picha zenyewe, na barua isiyosomwa inahesabiwa kuwa imefunguliwa. Hesabu waliobonyeza linki na waliojibu.

Pakua nakala ya orodha nzima kila mwezi kama faili la CSV, yaani jedwali linalofunguka kwenye Excel, na uitunze mahali penye nywila, maana akaunti ya huduma ya kutuma nayo inaweza kufungwa. Intaneti yote ikizimwa, kama ilivyokuwa Tanzania wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, barua pepe nayo haitoki; lakini ulizopanga mapema zitatoka zenyewe kwenye mitambo iliyoko nje, zikiwafikia wateja walioko Berlin na Chicago.

Wale ambao kwa miezi sita hawajabonyeza wala kujibu, waandikie barua moja fupi: bado ungependa tuendelee? Wasiojibu ndani ya wiki mbili, wafute. Huduma hizi nyingi hutoza kwa idadi ya waliosajiliwa, na 400 wanaosoma wanakugharimu pungufu ya 1,000 ambao 600 kati yao wamelala.